Kabla Hujamleta Haski Unguja, Ishi Naye Wiki Mbili Bila Yeye Kuwepo

Haupiti mwezi bila kijana mmoja kunitumia picha. Mbwa aina ya haski, wa kijivu na mweupe, masikio wima, jicho la buluu kama kipande cha chupa, na chini yake maneno: "Ami, huyu anauzwa Dar. Unasemaje?" Kazi yangu ni kusaidia kutibu mifugo, ng'ombe na punda ndio wengi, mbwa wawili watatu kwa mwezi. Zamani nilikuwa nasema usimnunue, basi. Nikaja kuona kwamba mtu akishapenda, neno hilo halimwingii, huliona husuda. Siku hizi simwambii ndiyo wala siyo. Nampa kazi ya siku kumi na nne, na akiimaliza namsaidia kutafuta mbwa mwenyewe. Mpaka leo aliyeimaliza ni mmoja.

Kazi yenyewe ndiyo hii. Tafuta daftari, kipimajoto cha ukutani, tepu ya fundi na dumu la lita tano. Mbwa hatakiwi bado.

Hatua ya 1: Mjue mgeni kabla hujamtandikia

Watu humwona haski wakamdhania pambo. Huyu ni mnyama wa gari. Mwangalie kama unavyomwangalia ng'ombe anayevuta mchanga njia ya Fuoni: kifua, miguu, hata tabia, vyote vimechaguliwa kizazi baada ya kizazi ili kitu kisogee. Wachukchi wa kaskazini mashariki ya Siberia walimfuga akokote sleji, lile gari lisilo na magurudumu linaloteleza juu ya theluji, mwendo mrefu, mzigo mwepesi, chakula kidogo. Dume ana kilo 20 hadi 27, jike 16 hadi 23. Malamuti wa Alaska ndiye wa mizigo mizito, na dume lake ni kilo 38 hivi. Samoyedi, yule mweupe pe anayeonekana kama anacheka, naye ametoka kwenye baridi na kazi hiyohiyo. Ninayoyasema juu ya haski yachukue kwa wote watatu, na kwa malamuti uongeze.

Ukitaka kujua nguvu zake, sikiliza hili. Januari 1925 mji wa Nome huko Alaska uliingiliwa na dondakoo, na dawa ilikuwa mbali, ng'ambo ya theluji. Waendesha sleji 20 na mbwa kiasi cha 150 waliipokezana dawa hiyo kilomita 1,085 hivi, kwa siku tano na nusu. Kipande kirefu kuliko vyote kiliongozwa na mbwa aitwaye Togo, mzee wa miaka 12, na kilipita kilomita 140. Unguja yote, Nungwi mpaka Makunduchi, ni kama kilomita 85. Sasa chukua nguvu hiyo uifungie kwenye ua wa futi ishirini kwa thelathini pale Kwa Mchina.

Ukurasa wa kwanza wa daftari andika swali moja: atakokota nini? Hata kama jibu ni "hakuna", liandike, usilifute.

Hatua ya 2: Kaa na wenye nyumba

Usianze na baba. Anza na anayefagia, anayefua, anayetandika mswala ukumbini.

Wengi wetu visiwani ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, na kwa Shafii mbwa ni najisi nzito: chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Hayo watu wanayajua tangu chuoni. Wasichokipigia hesabu ni manyoya. Haski amevaa makoti mawili, nywele ndefu juu na chini yake manyoya laini kama sufi ya godoro. Kwao koti la chini hung'oka kwa wingi mara mbili kwa mwaka, majira yakibadilika. Kwetu, ambako baridi yenyewe haiji, utayaokota karibu mwaka mzima. Nimewahi kumtunza mmoja, nitamtaja tena. Asubuhi ya kwanza nilimchana chini ya mwembe nikajaza nusu ya mfuko wa mchele wa kilo 25, nikajisifu kwamba nimemaliza. Kesho yake mke wangu akatoa unywele mweupe ndani ya buli la chai, akauweka juu ya meza mbele yangu, hakusema neno. Kanzu ya Ijumaa nayo niliifua mara mbili.

Kijana atakuja na hoja: mbwa wa kulinda, wa mifugo na wa kuwinda ameruhusiwa. Ni kweli, na wasasi wetu wa mashamba wanafuga mbwa miaka nenda miaka rudi. Lakini haski halindi. Huyu hupenda watu wote sawa. Mwizi akiruka ukuta usiku atapokewa kwa mkia. Mifugo halindi pia, ataila. Na kuwinda, ukimwachia kamba porini Jozani umemuaga. Kwa hiyo ule mlango ambao wengi hupitia kumfuga mbwa, huyu haupiti vizuri. Fatwa sitoi, si kazi yangu. Kamuulize ustadh wako, ila muulize kwa ukweli: mwambie ni mbwa asiye na kazi, si "mbwa wa ulinzi".

Ukiwa si Muislamu, au ni mgeni uliyepanga Paje au Mbweni, hatua hii haikuondokei. Mtumishi wako anayefika asubuhi ana swala zake, na fundi bomba naye hivyohivyo. Waulize.

Muulize kila mmoja peke yake, siku tofauti, uandike alichosema kwa maneno yake. Mama akisema "fanya utakavyo", hiyo andika hapana.

Hatua ya 3: Pima joto la chumba

Hapa nitakaa, maana hapa ndipo mbwa hawa wanapofia.

Tundika kipimajoto kwenye chumba ambacho mbwa atashinda, urefu wa goti, kwa sababu yeye hasimami. Soma mara tatu kwa siku: alfajiri, saa nane mchana, saa nne usiku. Fanya hivyo kaskazi, kati ya Disemba na Machi. Ukipima kipupwe, mwezi wa Julai upepo unapovuma, umejidanganya mwenyewe kwa wino wako.

Mbwa hatoki jasho mwili mzima kama sisi. Hupoa kwa kuhema: hewa inapita juu ya ulimi wenye majimaji, majimaji yanakauka, joto linaondoka nayo. Sasa kumbuka nguo uliyoanika usiku wakati wa masika, asubuhi ukaikuta mbichi vilevile. Hewa imeshashiba maji, haikaushi kitu. Ndivyo unavyokuwa ulimi wa mbwa Unguja. Anahema, hapoi, anahema zaidi, na ile kazi ya kuhema yenyewe inazaa joto jingine. Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38.3 hadi 39.2. Likipita 41 viungo vya ndani huanza kuharibika, na anaweza kufa siku hiyohiyo. Hili humpata mbwa yeyote. Huyu amevaa blanketi mbili tu zaidi. Kwao, waendesha sleji wakiona joto limefika nyuzi 15 hupumzisha mbwa. Sisi nyuzi 15 tunaziona ndani ya friji.

Yule niliyemtunza alikuwa wa mgeni mmoja aliyekwenda kwao wiki tatu, Februari. Saa tano asubuhi alikuwa keshauhama mkeka, keshauhama ukumbi, kajilaza chooni nyuma ya ndoo, tumbo limebanwa kwenye saruji, miguu ya nyuma kaitandaza kama chura. Ukimwita huinua nyusi moja. Mbwa aliyezaliwa kukimbia anashinda muda wa saa tisa chooni, na watu wa nyumbani wanamruka kwenda haja.

Utaambiwa umnyoe. Usimnyoe. Koti lile humkinga na jua pia, na likishanyolewa huenda lisiote tena kama lilivyokuwa. Mchane mpaka koti la chini litoke, hilo latosha.

Kinachobaki ni kiyoyozi, na kiyoyozi ni hesabu. Cha chumba kimoja kikisukuma kwa bidii hula kama uniti moja kwa saa. Saa kumi kwa siku, siku thelathini: chukua risiti yako ya Tukuza, ile ya kununulia umeme, uzidishe mwenyewe. Kisha jiulize umeme ukikatika itakuwaje. Sisemi wa saa mbili. Walioishi Unguja wanaukumbuka ule wa kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika kisiwa kikakaa miezi kama mitatu, kaskazi karibu yote, na jenereta zikinguruma mpaka vichochoro vya Mji Mkongwe. Kwa hizi siku kumi na nne, kila umeme ukikatika andika saa ulipoondoka na saa uliporudi.

Hukumu yangu, na wewe unaweza kuwa na yako: chumba kikipita nyuzi 28 saa nane mchana na huna kiyoyozi cha kushinda kinawaka, funga daftari hapa. Hatua zilizobaki zitakuchosha bure.

Na hata kama mbwa utakayefuga ni mwingine kabisa, hili lishike. Ukimwona anahema kwa kelele, mate mazito, fizi nyekundu sana, anatapika au anayumba, usikimbilie gari. Mtie kivulini, mmwagie maji mwili mzima, mengi, mpepee kwa feni au kwa sinia, kisha ndiyo umpeleke kwa daktari huku mnaendelea kumlowesha. Maji ya kunywa mwekee, usimmiminie kooni.

Hatua ya 4: Amka

Siku zote kumi na nne, ukishaswali Alfajiri toka. Tembea saa nzima, mwendo wa mtu aliyechelewa boti, dumu la lita tano limejaa maji mkononi. Mkono ukichoka badilisha. Dumu ndilo kamba ya mbwa: haski hatembei ubavuni mwako kwa adabu, anavuta, ndiyo kazi aliyoumbiwa. Urudi kabla jua halijapanda. Baada ya Isha, saa nyingine.

Ukilala siku moja, andika "nililala". Mvua ikikurudisha mlangoni, andika. Mbwa asiyetolewa hasemi kitu, anakula mlango. Wanatafuna godoro, wanafukua bustani, wanang'oa waya za king'amuzi, na mwenye nyumba anasema mbwa ana wazimu.

Ramadhani usiiache nje ya hesabu. Alfajiri ndiyo umetoka kwenye daku, Isha ndiyo unaingia tarawehe. Zile saa mbili za kutembea utazitoa wapi? Mchana ukiwa na swaumu, juani, hapana kwako na hapana kwake.

Ukitembelea pwani, angalia chini. Wavuvi hutupa bunju mchangani, na bunju hata akishakauka sumu yake ipo palepale. Mbwa akimmeza huwezi kumwahi.

Hatua ya 5: Ukuta, kuku na paka

Siku ya tano ya yule mbwa niliyemtunza nilirudi kutoka kazini nikakuta ua mtupu. Chini ya mpera, pembeni ya ukuta, shimo la ukubwa wa karai, udongo umetupwa nyuma vizuri kama wa mchimba kisima. Ng'ambo ya ukuta ni kwa Bi Mkubwa mmoja anayefuga kuku wa kienyeji. Saba walikuwa chini, mmoja wao alikuwa anaatamia. Mbwa amekaa katikati yao, ulimi nje, ananitazama kwa furaha kabisa, kama anasubiri nimsifu. Nililipa kuku wote, na lile kundi la mayai nikalilipa pia, kwa bei aliyoitaja yeye, sikubisha. Salamu zilirudi baada ya Idi.

Chukua tepu. Ukuta uwe na futi sita kwenda juu, usiwe na tangi, banda wala rundo la matofali karibu yake la kumpandisha. Chimba uone msingi umekwenda chini kiasi gani. Kama haufiki futi mbili, utazika waya wa seng'enge. Wakazi wa uwanda, Jambiani na Makunduchi, hapa mna nafuu: jiwe lile hata sururu hulia. Kisha simama getini uhesabu mara ngapi kwa siku linafunguliwa na watoto wa watu. Togo yule, alipokuwa kijana alipelekwa kwa mtu mwingine. Aliruka dirisha la kioo akarudi kwa bwana wake. Geti lako la mabati na kipande cha waya halimshughulishi.

Hesabu pia kuku, sungura na mbuzi walio ndani ya nyumba kumi zinazokuzunguka. Na paka, kwa mji huu wa paka, kalamu itakuisha wino. Haski aliyekua na paka wa nyumbani anaweza kumzoea huyo mmoja, wa jirani bado anamwona kitoweo. Akitoka mtaani mwenyewe si kuku tu walio hatarini: watoto wa madrasa watakimbia, yeye atadhani ni mchezo atawafuata, na mawe yataanza. Watu wanaogopa kichaa cha mbwa, na wana haki.

Hatua ya 6: Msikilizishe jirani

Haski habweki sana. Analia, "uuuu" ndefu yenye kupanda na kushuka, na husikika mitaa miwili. Humjibu anayelia naye: king'ora cha gari la wagonjwa, mbwa wa mbali, na, samahani kwa kulisema, adhana. Wangu aliitikia ya Alfajiri siku zote ishirini na moja, na msikiti uko hatua hamsini. Hakuna aliyenifokea. Walininyamazia, jambo ambalo ni baya zaidi.

Tafuta sauti hiyo mtandaoni, ichukue kwenye simu, uende barazani kwa majirani wa pande zote nne uwasikilizishe, simu imefunguliwa sauti yote. Uwaulize kama wataivumilia saa kumi usiku. Mpitie na sheha, si kwa kuomba ruhusa, ila kesi ikija ije kwa mtu aliyekwisha kuijua. Kwenye fleti za Michenzani hatua hii ipite moja kwa moja mpaka jibu la hapana.

Hatua ya 7: Daktari na sufuria

Hapa haraka. Chanjo ya kichaa cha mbwa kila inapofika wakati wake. Kupe kwetu hawana likizo na wanaleta homa zinazoua mbwa wageni upesi, kwa hiyo dawa ya kupe ni kila mwezi, si ukiwaona. Macho ya haski yana maradhi ya kurithi, mtoto wa jicho mojawapo, basi ukinunua uliza ya wazazi. Pima umbali hadi kwa daktari wa wanyama: ukiwa Pemba, unakaa Micheweni na daktari yuko Chake Chake, na hakuna daladala itakayompakia mbwa, unahitaji gari lako au la rafiki asiyekataa simu ya usiku.

Chakula hali kingi kwa mwili wake, hilo ni jambo la kumsifu. Ila mabaki ya biriani usimpe. Vitunguu na zabibu kavu vyote viwili ni sumu kwa mbwa. Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha. Samaki aliyechemshwa akatolewa miiba, na wali, hula vizuri.

Anaishi miaka 12 hadi 14. Mtoto wako anayeingia darasa la kwanza mwaka huu atamaliza skuli mbwa bado anataka kutoka alfajiri.

Hatua ya 8: Fungua daftari

Lisome siku ya kumi na tano, mchana, chumbani kwenye kile kipimajoto, feni imezimwa. Kama umeandika "nililala" zaidi ya mara mbili, acha. Kama yeyote anayefagia nyumba hiyo alisema hapana, kwa maneno au kwa kunyamaza, acha. Kama swali la ukurasa wa kwanza bado jibu lake ni "hakuna", rudi ulisome tena pole pole.

Aliyeimaliza ni binti mmoja wa Bububu. Alinitumia picha ya kurasa zote, mwandiko wa kuchapa kabisa, hajalala hata siku moja. Chini ya ukurasa wa mwisho kaandika: "Ami, haski sitaki tena, lakini saa kumi na moja nimeshazoea." Nilimtafutia mtoto wa mbwa wa kienyeji, wa rangi ya kaki, kutoka shamba moja Dole. Wanatoka pamoja kila alfajiri, na saa nane mchana yule mbwa analala kifudifudi chini ya mkungu kama aliyelipwa.

Ukiwa umeyapita yote na bado unasema naam, na wapo wenye nyumba za kiyoyozi, ua mkubwa na muda, basi usinunue kitoto. Tafuta mkubwa aliyekwisha zoea joto la pwani, Dar au Tanga, uombe ukakae naye siku saba kwa huyo mwenyewe kabla ya kutoa fedha. Mkubaliane kwa maandishi kwamba wewe na mbwa mkishindwana atampokea. Kibali cha kumwingiza na cheti cha chanjo viulize kwa idara ya mifugo hapa Zanzibar kabla hujalipa, si ukiwa bandarini. Msafirishe kipupwe, asubuhi mapema, na uende na chupa ya maji na kitambaa kilicholoweshwa, kwa sababu foleni ya kushuka botini ni ndefu na pale gatini hakuna kivuli.